Tangawizi, manjano na mwili unaouma baada ya mazoezi makali: jinsi ya kutumia bila kujiharibia

Kila mwaka ikishapita Kili Marathon, zile mbio za Moshi, naona kitu kilekile kwenye kundi letu la jogging huku Temeke, jumatatu watu wanashuka daladala wameshika mlango kwa mikono miwili, mapaja yamegoma kabisa, choo cha kuchuchumaa ndo usiseme, na jioni simu zinaanza kuita, dada ninywe nini? Manjano? Mlonge? Kuna unga jamaa anauza pale stendi anasema unaondoa maumivu usiku mmoja, ni kweli? Nimejibu hayo maswali mara nyingi mpaka nikaona bora niandike yote sehemu moja, vile tunavyofanya sisi na kwanini.

Nianze na mwili wenyewe maana ukielewa hapa, huko mbele hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Yale maumivu ya siku ya pili siyo asidi ya laktiki kama tulivyokuwa tunaambiwa zamani, hiyo mwili unaiondoa ndani ya saa moja hivi ukishaacha kukimbia. Kinachouma ni msuli uliopata michaniko midogo midogo, na michaniko hiyo inakuja hasa pale msuli unapobeba uzito huku unarefuka, yaani kushuka mlima, kushusha chuma taratibu, kwenda chini kwenye skwati. Ndani ya masaa machache chembe nyeupe za damu zinazoitwa nyutrofili zinafika kuzoa uchafu, alafu siku moja mbili zinazofuata zinakuja makrofeji, hizi zinaanza kwa kusafisha na baadae zinabadilika, zinaziamsha seli za akiba za msuli zianze kujenga. Damu inaongezeka pale, maji yanajaa, neva zinakuwa kali, paja linakaza na ukiligusa linauma. Hiyo hali yote ndo inflamesheni. Maumivu yanaanza kama masaa 12 hadi 24 baada ya zoezi, yanapanda juu kabisa kati ya saa ya 24 na ya 72, alafu yanashuka yenyewe hata usipokunywa kitu chochote.

Hilo la mwisho likariri. Maumivu yanashuka yenyewe. Ndo maana kila unga unaouzwa unaonekana unafanya kazi, umeunywa siku ya tatu, siku ya nne umepona, sifa anapata muuzaji.

Sasa wengi wanaona inflamesheni ni ugonjwa wa kufukuza. Fundi akija kuziba ufa ukutani lazima agonge plasta mbovu yote idondoke kwanza, vumbi linajaa mpaka kwenye sufuria, na ukimtoa nje kwasababu ya vumbi utabaki na ufa wako. Hii siyo nadharia tu. Kuna utafiti ulifanyika Sweden, vijana wenye afya walinyanyua vyuma wiki 8, kundi moja linakunywa ibuprofen, dawa ya kukata maumivu na inflamesheni, mg 1200 kila siku, lingine aspirini kidogo tu ya mg 75, na wale wa ibuprofen misuli iliongezeka kama nusu ya wenzao. Ujerumani nako mwaka 2009 watu walifanya mazoezi wiki 4, waliokuwa wanakunywa vitamini C mg 1000 na vitamini E yuniti 400 kila siku hawakupata ile faida ya mwili kuitumia insulini vizuri zaidi, ambayo wenzao waliokuwa hawanywi kitu waliipata. Yaani mtu anaamka saa 11 alfajiri, anakimbia mpaka Coco Beach, anarudi, anameza kidonge kinachopunguza faida ya jasho lake mwenyewe. Inaniuma sana hii kwasababu wengi wanafanya kwa nia nzuri kabisa.

Kwahiyo swali langu la kwanza kwa mtu siyo unakunywa nini, ni uko kipindi gani. Kama uko kwenye miezi ya kujijenga, mbio bado iko mbali, acha mwili uume kidogo na ujirekebishe, usiweke kitu chochote cha dozi kubwa, kula tu chakula. Tangawizi kwenye chai na manjano kwenye mchuzi wa samaki ni chakula, endelea navyo, nazungumzia makapsuli na maunga ya vijiko vitatu vitatu. Ila kama wiki hii una mbio, au timu yenu ya mtaa inacheza bonanza mechi tatu ndani ya siku mbili, hapo kupunguza maumivu kuna maana kwasababu shida yako ni kusimama tena kesho, kujenga kutaendelea baadae.

Tangawizi ndo naiamini kuliko zote, na ndo rahisi kuliko zote. Chuo Kikuu cha Georgia kule Marekani mwaka 2010 waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, katikati wakawafanyisha zoezi la mkono la kushusha uzito mpaka misuli ikaumia, na siku iliyofuata maumivu yalikuwa chini kwa karibu robo ukilinganisha na waliopewa kidonge kitupu. Wakajaribu mbichi na iliyopitishwa kwenye moto, matokeo yakakaribiana, kwahiyo wanaosema ukichemsha unaua nguvu yake wapuuze. Cha muhimu zaidi ni kwamba dozi moja ya siku ileile haikufanya maajabu. Inataka siku kadhaa mfululizo kabla. Na robo ni robo tu, kama maumivu yako ni 8 yatakuwa 6, utashuka ngazi ila utazisikia.

Tunavyofanya sisi ni hivi. Gramu 2 za unga ni kama kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, cha kusawazisha siyo cha kilima. Ukitumia mbichi ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kama gramu 10, maana tangawizi mbichi sehemu kubwa ni maji. Ioshe, usimenye sana, kwangua au twanga kwenye kinu, weka kwenye vikombe viwili vya maji, chemsha dakika 10 na mdalasini ukipenda, kunywa kimoja asubuhi baada ya kula na kingine jioni, na yale makapi yaliyotwangwa kunywa nayo, usichuje ukatupa. Anza siku 6 au 7 kabla ya mbio, endelea mpaka siku ya 3 baada ya mbio, acha. Usinywe tumbo likiwa tupu ukaenda kukimbia, itakuchoma kifuani njiani, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili hutaki kabisa tumbo likuvuruge ukiwa katikati ya daraja la Tanzanite jua linakuwakia.

Kingine, usiiweke kwenye chai ya majani ukanywea na chakula kila siku hasa dada zangu. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma yaliyoko kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini, na mwanamke anayekimbia anapoteza chuma kwa hedhi na kwa mazoezi yenyewe. Mwenzetu mmoja alikuwa anachoka kila wiki anadhani ni misuli, akatembea na tangawizi na mlonge miezi miwili, kupimwa damu ikaonekana iko chini sana. Hakuna inflamesheni pale, ilikuwa damu. Ukiona uchovu hauishi hata ukipumzika wiki nzima, kapime kwanza wingi wa damu kabla hujanunua chochote.

Manjano sasa. Hapa kuna maneno mengi na pesa nyingi. Kwanza hakikisha unachonunua, maana ukisema binzari tu sokoni unaweza kupewa nyembamba, ambayo ni kitu kingine kabisa, au ule mchanganyiko wa pilau. Sema manjano. Kitu kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa kukumini na kwenye unga kipo kama asilimia 3 hivi, kwahiyo kijiko cha chai cha gramu 3 kinakupa kama mg 90. Tafiti nyingi za wanamichezo zinatumia mamia ya mg mpaka gramu nzima kwa siku, tena iliyotengenezwa maalumu, kwasababu kukumini ya kawaida inapita tumboni bila kuingia kwenye damu vizuri. Pilipili manga inasaidia, mwaka 1998 kule India walipima wakakuta mg 20 za piperini, hicho ndo kitu cha ukali kwenye pilipili manga, zikiliwa na gramu 2 za kukumini, inayoingia kwenye damu inaongezeka kwa asilimia 2000. Namba hiyo utaiona imeandikwa kwenye kila kopo. Wasichokuandikia ni kwamba pilipili manga hiyohiyo inaweza kuongeza pia dawa nyingine unazomeza zikaingia kuliko alivyopanga daktari. Na makapsuli ya manjano yenye nguvu, hasa yaliyowekewa piperini, yameshaumiza maini ya watu sehemu mbalimbali duniani. Siyo wengi, ila wapo, na ini halikupigii kelele mapema.

Msimamo wangu: manjano kwenye chakula kila siku ukitaka, na mafuta kidogo au tui la nazi na pilipili manga, samaki wa kupaka ni mahali pake kabisa. Makapsuli ya dozi kubwa mi simshauri mtu bila daktari. Nunua mizizi mizima, kausha, saga mwenyewe au peleka mashine ya kusaga, kwasababu unga uliosagwa tayari unaweza kuwa umeongezewa rangi. Bangladesh ilikuja kugundulika wafanyabiashara walikuwa wanaweka rangi ya njano yenye madini ya risasi ili unga ung'ae. Mzizi huwezi kuuchakachua kirahisi hivyo, unaukata unaona.

Mlonge ni mboga nzuri sana, majani yake yana protini na madini, kula. Lakini kusema unatibu misuli ya mkimbiaji, ushahidi mwingi unatoka kwenye panya na maabara. Habbat soda nayo hivyohivyo, tafiti za watu zipo ila ndogondogo. Choya, ile rozela nyekundu, naipenda baada ya mbio ikiwa baridi bila sukari nyingi, ila inashusha presha, kwahiyo kama unameza dawa za presha na umetoka kuvuja jasho masaa mawili juani, kizunguzungu kinaweza kukuangusha. Mwambie daktari wako kwanza.

Alkasusu inabidi niiseme peke yake maana siku hizi vijana wanainywa kabla ya gym na baada ya gym. Ule mzizi mtamu wa susu, ukinywa mwingi mara kwa mara unaufanya mwili ubakize chumvi na utupe potasiamu, presha inapanda, misuli inakosa nguvu na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ongeza na jasho la Dar. Kikombe kimoja kimoja kwa mtu mzima mwenye afya hakina shida kubwa, ila kuifanya ndo kinywaji chako cha mazoezi kila siku, acha, na mwenye presha asiiguse.

Sasa ule unga wa stendi unaoondoa maumivu usiku mmoja. Sikiliza vizuri. Mmea hauondoi maumivu ya misuli usiku mmoja. Kitu chochote kinachokata maumivu ndani ya nusu saa, usingizi mzuri, hamu ya kula imepanda, siku ya tano uso umejaa, jiulize ndani kuna nini. Marekani mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa FDA ilitoa onyo juu ya saplimenti ya viungo inayoitwa Artri King, imeandikwa mimea tupu kwenye kopo, kupimwa ikakutwa na diklofenaki, dawa ya kukata maumivu, na deksamethasoni, zote hazijaandikwa popote. Deksamethasoni ni steroidi, dawa kali inayofanana na homoni ya mwili, ukiitumia muda mrefu tezi zako zinaacha kutengeneza ya kwako na ukikata ghafla unaweza kuzimia. Hayo yametokea kwenye kopo lenye lebo nzuri, sembuse mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

Mi mwenyewe yalinikuta. Niliuziwa mchanganyiko na mtu mmoja wiki ya mbio, nikakimbia sisikii chochote, kilomita 21 safi kabisa, nikaongeza jumanne, nikaongeza alhamisi, kumbe kano ya kisigino ilikuwa inachanika taratibu na mimi nimezimiwa king'ora. Nilikaa miezi minne bila kukimbia. Maumivu ni taarifa ya mwili, na aliyeniuzia alinizibia hiyo taarifa bila kuniambia alichoweka.

Kwahiyo ukinunua kitu cha kwenye kopo au mfuko, angalia kina jina la mmea, kiasi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na anuani ya aliyetengeneza. Dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa za kawaida ziko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, muulize muuzaji namba ya usajili bila aibu, akianza kukukasirikia ondoka. Na kama wewe ni mwanariadha unayeweza kupimwa dawa za kuongeza nguvu, jua kwamba sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, zinakubana wewe kwa kilichokutwa mwilini mwako hata kama hukukusudia. Higenamini kwa mfano inatoka kwenye mimea kabisa na imetajwa kwa jina kwenye orodha yao ya vitu vilivyokatazwa tangu 2017. Neno asili halikuokoi.

Wasioruhusiwa kujaribu jaribu hata tangawizi ya dozi hii bila kumuuliza daktari: anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, anayesubiri upasuaji, mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo hasa kwa manjano, anayemeza dawa za kisukari au presha. Na usichanganye mitishamba na diklofenaki au ibuprofen siku ya mbio, hizo zenyewe ukizimeza huku umekauka maji zinabana figo.

Utajuaje kama inakusaidia wewe? Chukua daftari. Chagua zoezi moja lilelile, kwa sisi ni kushuka kilima cha Pugu mara sita. Kila siku baada ya hapo, saa ya 24, 48 na 72, shuka ngazi za daraja la waenda kwa miguu lililo karibu na wewe, kama la Manzese, jipe namba kutoka 0 mpaka 10, andika. Sasa kuna mtego hapa ambao unawapata wengi: msuli ukishaumia mara moja unajikinga, mara ya pili zoezi lilelile linauma kidogo hata usipokunywa kitu, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Kwahiyo ukifanya ya kwanza bila tangawizi na ya pili na tangawizi, utaisifia bure. Fanya ya kwanza kama ya kuzoea tu, usiihesabu, alafu moja bila, moja nayo, moja bila tena, ukiacha wiki mbili mbili katikati. Sisi tuligawana kabisa kwenye kundi, wengine wanakunywa wengine hawanywi, na tofauti ilikuwepo ila ndogo, kama nilivyosema, 8 inakuwa 6.

Na huo mtego ndo dawa kubwa kuliko zote nilizotaja. Dar ni tambarare, tunakimbia Barabara ya Obama mpaka Masaki hakuna mlima, alafu tunaenda Moshi kupanda kuelekea Mweka na kushuka kilomita na kilomita, mapaja hayajawahi kuona kitu kama kile. Wiki 6 kabla ya mbio nenda Pugu au Kisarawe, au hata kimlima cha Kimara, shuka kidogo kidogo, mara tatu wiki ya kwanza, sita ya pili, polepole, umia kidogo makusudi, pona, rudi. Hakuna kapsuli inayofikia hapo. Ukiongeza usingizi wa masaa 7 au 8, protini ya kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, yaani mayai, maharage, dagaa, samaki, na maji na chumvi kidogo baada ya jasho jingi, tangawizi inabaki kuwa nyongeza tu juu.

Mwisho kabisa mambo ya kukimbilia hospitali, siyo kwenye kinu. Mkojo ukiwa rangi ya kahawia kama koka au chai ya rangi baada ya zoezi kali, misuli imevimba imekuwa migumu na haina nguvu, nenda siku hiyohiyo, msuli unaweza kuwa umevunjika na kumwaga vitu vinavyoziba figo. Mguu mmoja tu umevimba kwenye shavu la nyuma chini ya goti na una joto, nenda. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa yanayozidi kila ukikanyaga, nenda. Macho ya njano au mwili kuwasha wakati unatumia saplimenti yoyote, acha hapohapo na nenda. Na ukifika mtajie daktari kila ulichokunywa, hata kile unachoona aibu kukitaja, beba na mfuko wenyewe hata kama umebaki vumbi tu ndani, maana asipojua ulichomeza atakutibu kwa kubahatisha.